Vita vya Jangwani vya Alhaji Hemedi

Juzi mjukuu wangu kairusha simu kitandani, eti imeganda. Nikamuuliza, imeganda kwa muda gani? Akanijibu kwa uchungu kabisa, "Bibi, dakika nzima!"

Dakika nzima. Wanangu, mimi nimekaa mbele ya kompyuta iliyokuwa inafikiri tangu maharage yanapobandikwa jikoni mpaka yanaiva. Na ingekuwa inafikiri jambo la maana ningeisamehe. Ilikuwa inapeleka maji kwa askari wa Kiingereza waliopigana huko Afrika ya Kaskazini kabla mimi sijazaliwa.

Naitwa Veronika, mzaliwa wa Rangwi. Masista wa pale ndio walionifundisha kupiga taipu, mikono yangu imefunikwa kitambaa ili nisichungulie herufi. Nimefundisha kompyuta Lushoto mjini mpaka nimestaafu, na nilianza wakati ukimtajia mtu kompyuta anakuuliza inapandwa mwezi gani. Ninyi mnaosomea kazi hii leo mnaniambia mna shida. Haya, nisikilizeni.

Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa Alhaji Hemedi wa Lukozi, mfanyabiashara wa kabichi, karoti na viazi. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mwenye uwezo analeta kitu kutoka nje: huyu nguo za mitumba, yule redio, yule baiskeli. Alhaji alishuka Dar es Salaam na lori limejaa kabichi, akarudi na kompyuta tatu za mitumba zimepangwa ndani ya matenga, zimezungushiwa majani makavu ya migomba kama nyanya.

"Mwalimu Vero," akaniambia, "hili ndilo shamba la kesho. Fungua darasa pale Lushoto."

Hakujua kuziwasha. Mimi nami sikujua. Akamwita fundi kutoka Tanga, anaitwa Gabrieli, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, aliyelaani baridi ya Lushoto tangu aliposhuka kwenye basi mpaka alipopanda tena. Lakini ndiye mwalimu wangu, Mungu ambariki. Alinifundisha kwa kunifokea. Neno lake kubwa lilikuwa hili: umeme ukikatika, zima kila kitu, ukirudi, usiguse kitu. Nenda kachote maji, rudi, tua ndoo, ndipo uwashe. Maana umeme ukirudi hurudi kwa kishindo, unaingia kama fahali aliyekata kamba.

Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa sababu watu wa pwani hawajui ukungu. Zamani kazi tulihifadhi kwenye flopi, kile kitu bapa chembamba kama chapati iliyokauka. Lushoto flopi zinaota ukungu mweupe kama mkate. Ukizikausha karibu na jiko la mkaa, majivu yanaziua. Dawa yake ni kuziweka ndani ya kabati la mbao na kuacha balbu ndogo inawaka humo mchana kutwa. Wageni walikuwa wakiniuliza kwa nini kabati langu lina taa, nawaambia nimeatamia mayai.

Sasa, mchezo. Gabrieli alipokuwa anaijaribu ile mashine kubwa, ambayo ndiyo pekee iliyounganishwa na printa, akakuta ndani yake mchezo ulioachwa na mwenye mashine wa zamani. Akaufungua atuonyeshe kwamba rangi zinafanya kazi. Skrini nzima ikawa njano, mchanga mtupu. Juu bahari, kando yake barabara moja, na miji midogo: Tobruki, Benghazi. Askari hawakuwa na sura, walikuwa vijisanduku. Huku Waingereza, huku Wajerumani na Waitaliano. Unakipa kila kijisanduku amri ya kwenda, ukimaliza unabonyeza, mashine inafikiri, halafu inakuletea matokeo. Na kijisanduku kikifika mbali na magari ya mafuta na maji, kinasimama palepale kama punda aliyechoka.

Alhaji alikuwa amesimama nyuma yetu na bakora yake. Aliposikia habari za magari ya mafuta akavuta kiti. Naapa kwa yote, hakukiachia tena.

Kiingereza hakujua, kwa hiyo mimi ndiye niliyegeuka mkalimani wa vita. Nafundisha wasichana wangu kupanga barua ya kiofisi, nasikia, "Mwalimu! Hawa wa kijani wanasema nini?"

"Wanasema mafuta yamekwisha, Alhaji."

"Yamekwishaje na jana niliwapa?"

"Sijui, Alhaji. Wanafunzi wanasubiri mashine."

"Zamu moja tu, Mwalimu. Nimalizie zamu hii moja."

Zamu moja! Leo yeye ni Mwingereza, kesho ni Mjerumani, kutegemea nani ana magari mengi. Ndiyo kwanza mambo ya vyama vingi yanaanza nchini, nikamwambia, "Alhaji, wewe hata vitani unahama chama." Hakucheka. Alikuwa anatafuta maji ya kuwapelekea Waitaliano.

Siku moja mkewe, Mama Zubeda, akaja darasani, kanga imefungwa kiunoni kwa namna ya mtu aliyekuja kwa shari.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mume wangu yuko wapi? Nyumbani kuna wakulima tangu asubuhi, wanataka kujua lori linakuja lini."

Mimi nimechoka, nikajibu bila kufikiri, "Yuko Benghazi, mama."

Akaikaza kanga kiunoni. "Huyo Benghazi ni mke wa nani?"

Ilinichukua muda mrefu kumweleza, na nadhani hakuamini mpaka alipochungulia chumba cha pili akamwona mumewe amekodolea mchanga, midomo inacheza, anahesabu malori yasiyokuwepo. Yale yaliyokuwepo yalikuwa yamelala uani Lukozi, na kabichi za watu zinageuka manjano.

Nilijaribu kila njia. Flopi za zamani zilikuwa na kikato pembeni. Ukikiziba kwa kipande cha karatasi ya gundi, mashine haiwezi kuandika kitu juu yake. Nikaziba flopi zote za wasichana, kazi zao za muhula mzima zimo humo. Nikatoka kwenda posta. Kurudi, namkuta Alhaji amebandua karatasi kwenye flopi ya mmoja wao, Agnes, amehifadhi humo vita vyake, kazi za mtoto zimefutika.

"Alhaji, hii ilikuwa imezibwa!"

"Niliona. Nikadhani imechafuka."

Agnes alilia mpaka kwikwi zikamshika. Alikuwa mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya chai, hana wa kumtegemea ila vidole vyake, na mtihani ulikuwa mlangoni. Alhaji alimletea mfuko wa matunda damu, yale mekundu yanayofanana na nyanya, kumwomba radhi. Matunda damu! Agnes akaketi, akaandika kazi zake zote upya, na mimi nikahamishia flopi kwenye kabati lenye kufuli.

Halafu zikaja mvua. Lushoto tunajua mvua, lakini zile zilikuwa zimekasirika. Mchana mmoja radi ikapiga, umeme ukakatika. Nikawaambia wasichana wazime. Umeme ukarudi. Kabla sijafungua mdomo, Alhaji alikuwa ameshabonyeza, maana vita vyake vilikuwa vimefika pabaya. Mashine ikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, kisha moshi, kisha harufu ya mpira ulioungua. Kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, pawa saplai, kilikuwa kimekufa.

Wasichana wakakimbilia madirisha kuyafungua. Alhaji akasema polepole, "Labda imelala."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, maana ningebaki ndani ningesema maneno ambayo masista hawakunifundisha.

Kesho yake mlima ukaporomoka juu ya barabara ya Soni. Hiyo ndiyo njia yetu ya kushukia Mombo, na kwa hiyo ndiyo njia ya kila kitu. Magari yakasimama. Wakulima wa Lukozi na Mlola walikuwa wamekwishakata kabichi na kuzileta barabarani kwa vichwa vyao. Kabichi iliyokatwa haijui kusubiri. Ukipita pale unaona akina mama wamekaa juu ya magunia wamejifunika nailoni, wanatazama barabara.

Abiria walikuwa wakivuka maporomoko kwa miguu, wanapanda basi upande wa pili. Nikapanga kufanya hivyo hivyo: nimpelekee Gabrieli pawa saplai Tanga, aitengeneze, wasichana wafanye mtihani. Nikaenda Lukozi kuaga. Nikamkuta Alhaji ameinamia meza, ana chaki, amechora mlima mzima.

Wanangu, mtu aliyenyang'anywa vita kwenye mashine alikuwa ameviingiza barabarani.

Mbele yake alisimama Selemani, dereva wake wa miaka yote, mtu mpole mwenye shingo nene, aliyeijua milima hii kona kwa kona.

"Hatupiti Soni," Alhaji akasema. "Tunapanda Mlalo, tunashuka Mng'aro, tunakata uwanda wote wa chini hadi Mkomazi, tunatokea lami. Tunawazunguka."

"Tunamzunguka nani, Alhaji?" Selemani akauliza.

"Wale wote waliokwama Soni! Wewe utatangulia na kabichi. Mapipa ya mafuta tutayashusha ipatikane nafasi ya magunia. Mimi nitakuja nyuma na lori dogo, na mafuta na maji. Gari la mafuta haliendi mbele pamoja na wapiganaji, litashikwa."

"Litashikwa na nani?"

"Mkifika kwenye lile korongo baada ya Mng'aro, msivuke. Nisubirini. Na Mwalimu anakwenda na wewe, kwa ajili ya mawasiliano."

"Mawasiliano ya nini, Alhaji?" nikasema. "Sina redio, sina simu, nina kisanduku kilichoungua. Mimi navuka Soni kwa miguu."

"Kisanduku ni mali yangu, Mwalimu, na kitapita Mkomazi."

Selemani akaitazama ile chaki, akatoka kwenda kukagua matairi. Nje akina mama walikuwa wameshaanza kupakia. Mmoja akanisukumia kichwa cha kabichi mikononi kiwe akiba yangu ya njiani, akasema, "Mfike salama, mwanangu. Hizi ndizo zote." Basi nikapanda. Ningefanyaje?

Kama hamjawahi kushuka kutoka Mlalo kwenda Mng'aro kwenye lori lililojaa, msiniambie habari za kuogopa. Kona zinakuja moja juu ya nyingine, na upande wangu wa dirisha hakukuwa na ardhi. Mara mojamoja Selemani alikuwa anaipigapiga breki kama mtu anayembembeleza mtoto. Tukafika chini, na ghafla ni nchi nyingine: joto, vumbi, miba. Ule uwanda wa chini mvua huusikia kwa jirani. Nikaelewa kwa nini Alhaji alikuwa ameitazama ramani ile akaona jangwa lake.

Tukafika korongo. Lilikuwa kavu, mchanga mweupe, unaweza kulaza mtoto. Selemani akashuka, akalikanyagakanyaga, akageuka kutazama milima tulikotoka. Juu kulikuwa kweusi.

"Mwalimu, Mlalo kunanyesha. Tuvuke sasa hivi."

"Twende."

Akapima mafuta kwa kijiti. Kijiti kikatoka karibu kikavu. "Tukivuka tutafika nusu ya njia, kabichi zitakufa porini na sisi pembeni yake. Na mapipa yako kwake."

Tukangoja. Tulingoja mpaka kabichi za juu zikaanza kunuka kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Hakuna Alhaji. Kisha tukasikia mngurumo, nikasema ndiye huyo. Hakuwa yeye. Korongo lilikuja, maji mekundu, magogo, jiwe juu ya jiwe, likapita palepale Selemani alipokuwa amekanyagakanyaga.

Selemani akaketi chini. "Lori halibonyezwi, Mwalimu," akasema. "Mle kwenye mashine yenu magari hayana madereva. Unabonyeza, yanakwenda."

Bado tumekaa hivyo, akatokea mtu wa baiskeli kutoka upande wa mlimani, jasho linamtiririka. "Onga mshi," akatuamkia haraka kwa kilugha cha mlimani, kisha, "Mgosi, kuna lori dogo limeacha njia kwenye kona za juu. Kuna mzee ndani."

Selemani hakuuliza mzee gani. Alichukua jeki, akachukua kamba, akakimbia. Mtu mnene vile, sikujua kwamba anaweza kukimbia. Wanaume wa Mng'aro waliokuwa shambani wakamfuata.

Nikabaki peke yangu na lori la kabichi. Najua mnasubiri niseme nilisali. Nilisali, ndiyo, lakini huku nasali nazisikia kabichi zinapumua moto nyuma yangu, na namwona yule mama wa Lukozi akisema hizi ndizo zote. Mng'aro wanalima mpunga, maji ya mlima wanayaelekeza mashambani kwa mifereji. Mchele wanao, mboga za majani za nchi ya baridi hawana. Wanawake walikuwa wamekusanyika kutazama korongo. Nikapanda juu ya magunia nikapaza sauti, "Jamani, mama zangu! Nani ana mchele anataka kabichi? Debe kwa gunia!"

Wakanicheka kwanza. Mmoja akaja kuzifinyafinya, akasema zimechoka. Nikamwambia, "Hata mimi nimechoka, mama, lakini bado nafaa." Akaenda, akarudi na debe. Ndipo wakamiminika. Hakuna aliyenipa amri, na wala sikuiomba.

Selemani alirudi jua limeinama, na kitanda cha kamba kimebebwa na wanaume, Alhaji juu yake. Lori lilikuwa limeteleza likaegemea mti, mlango umembana mguu, na mapipa yamepita juu ya kichwa chake yakaangukia bondeni, isipokuwa moja. Mguu ulikuwa umevunjika mahali ambapo mguu haukunjwi. Selemani alikuwa ameloa dizeli mwili mzima, na kikombe cha maji nilichompa alikipeleka mdomoni mwa Alhaji.

Alhaji akafumbua macho. "Mmevuka?"

Nikamfuta vumbi usoni.

"Mwalimu. Mmevuka?"

Basi Selemani, ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, akapiga magoti pembeni ya kile kitanda akapiga kelele, "Ungekufa, Alhaji! Mimi ningemwambia nini Mama Zubeda? Ningemwambia tulikuwa tunamzunguka nani?" Halafu akalia, mbele ya watu wote wa Mng'aro, na Alhaji akanyoosha mkono akamshika bega, hakuuliza tena habari ya kuvuka.

Kwa lile pipa moja tulirudi mlimani asubuhi, mgonjwa na mchele. Pale Lukozi sikupokewa kwa vigelegele, msidhani. "Sisi tulipeleka kabichi," wakaniambia. "Mchele wa nini?" Nikagawa kwa kila aliyepakia gunia, wananuna, wanapokea. Yule mama wa mwanzo tu ndiye aliyechota kiganjani akanusa, akasema, "Zingeoza tungelia, zimegeuka mchele tunalalamika. Nimiminie, mwanangu."

Kisha nikavuka Soni kwa miguu, kama nilivyosema tangu mwanzo, nikapanda basi upande wa pili, nikafika Tanga. Gabrieli alikifungua kile kisanduku, akanifokea mimi, akakitengeneza.

Niliporudi nilipita hospitali. Alhaji alikuwa amelala, mguu umening'inizwa, mzito kwa plasta. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nikaanza: darasa, wasichana, Agnes, malori, Selemani. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinivuruga. Halafu akageuza uso dirishani, ambako mvua ilikuwa inaendelea.

"Mwalimu," akasema, "tangu niko kijana napigana na matope. Daraja limekwenda, njia imekwenda, mzigo umeoza. Wewe umekaa na mimi pale mbele ya mashine. Umewahi kuona mvua mle ndani? Hata siku moja?"

Nikamrekebishia mto nikaondoka, nimeudhika zaidi kuliko nilivyoingia, kwa sababu mtu akikukosea halafu akakueleza kwa nini, hata hasira yenyewe hujui pa kuiweka.

Wasichana walifanya mtihani wao. Agnes alifaulu, akaja kuajiriwa ofisini huko Korogwe. Ule mchezo nilikuwa nimeapa kuufuta. Nikaandika amri ya kufuta, mashine ikaniuliza kama nina hakika, na nikakaa pale kidole juu. Mwishowe nikautoa kwenye mashine kubwa, nikauhamishia kwenye ile mbovu ya kona, ambayo skrini yake inatoa rangi moja tu.

Alhaji alipotoka hospitali alikuja na magongo yake. Nikamwelekeza kwenye kona. Hakunishukuru. Aliketi, akanyoosha mguu, akabonyeza, akaisubiri ifikiri. Mara nikasikia, mbele ya darasa zima:

"Mwalimu! Jangwa gani hili la kijani?"

"Imenyesha, Alhaji," nikamwambia, nikaendelea kufundisha.